Jezi Chini ya Kanzu

Kwenye karakana yetu ya Kizota tunatengeneza mageti, madirisha ya nondo na vitanda vya chuma, na kelele za grenda haziishi kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri. Ukitaka zizimwe kabla ya saa ya chai, mtaje yule mchezaji wangu wa mpira wa kikapu. Wenzangu wote ni watu wa mpira wa miguu, wamegawanyika kati ya zile timu mbili kubwa na hawaelewani hata juu ya nani aende kununua chapati. Lakini kwa yule bwana wa Marekani, ambaye wengi wao hawajawahi kumwona akicheza mechi nzima, wanakuwa kitu kimoja. Wanasema ana mdomo, ana majivuno, anamfokea refa, anawafokea wenzake, na anarusha mpira kutoka mbali utadhani goli ni mali ya baba yake. Yote hayo ni kweli, na mimi nampenda.

Huko kwao pia wamegawanyika. Wapo wanaokata tiketi wakamshangilie na wapo wanaokata tiketi wakamzomee. Akiushika mpira ugenini uwanja wote unaguna, naye anatabasamu na kuwapungia mkono, jambo ambalo linawazidishia hasira. Sijawahi kukutana na mtu aliyesema kwamba huyu bwana ni wa kawaida tu.

Nilianza kumfuata mwezi wa Ramadhani. Mechi za kule kwa saa zetu zinaangukia alfajiri, nasi nyumbani tulikuwa macho kwa ajili ya daku. Kwetu ni mtaa wa zamani, wa watu ambao babu zao walifika Dodoma na misafara ya biashara wakaona hakuna haja ya kuendelea mbele. Mama alikuwa anapakua, nami nikawasha televisheni nisije nikasinzia juu ya sahani. Ndipo nikamwona. Alikuwa amemsogelea mwenzake mmoja wa timu, amemwekea kidole karibu na pua, anamfokea kwa sababu alisimama mahali pasipo pake na wapinzani wakafunga. Mama akaacha kupakua.

"Huyu hana mama?" akauliza.

Haukupita muda, kamera ikamwonyesha mama mtu mzima wa mstari wa mbele, amevaa jezi ya mwanawe, naye amesimama anamfokea refa. Mama yangu alimtazama mpaka alipoketi, kisha akarudi kwenye uji wake.

"Basi," alisema, "kamrithi."

Kilichonishika si kule kufoka. Baadaye yule mwenzake aliangushwa chini vibaya, na wa kwanza kufika kumnyanyua alikuwa huyuhuyu aliyemwekea kidole puani. Alimpangusa mgongo, akamwambia neno, wakacheka. Mimi nimekulia mahali ambapo mtu akikuudhi unamsalimia vizuri, unamuuliza hali ya watoto, kisha unakwenda kumsema kibarazani hadi magharibi. Yule bwana anayamaliza palepale uwanjani, mbele ya macho ya watu, na kipenga cha mwisho kikilia hana tena la kusema. Halafu anakosa. Watu hawaamini ninapowaambia kwamba hilo nalo nalipenda. Mechi ikikaza mwishoni, wenzake wanaanza kupasiana mpira kama mwiko wa moto, na yeye ndiye anayeuomba. Mara nyingine anafunga, mara nyingi hafungi, na kesho yake anauomba tena.

Mwanamke niliyetaka kumwoa nilimpata kwa sababu ya geti. Alifika karakana kumsaidia mwenye nyumba wake kulikagua kabla halijapakiwa. Alirudi nyuma kidogo, akafumba jicho moja, akasema geti limepinda. Alisema hivyo mbele ya mafundi wote, kwa sauti ya kawaida. Nikamwambia, dada yangu, mimi nimezaliwa kwenye chuma, hilo geti limenyooka. Hakubishana. Alifungua mkoba wake akatoa pima maji, kwa sababu yeye ni mpima ardhi na kumbe hutembea nalo. Geti lilikuwa limepinda. Nilikasirika siku nzima, na jioni nikaanza kutafuta namba yake ya simu.

Kazini kwao hakuna asiye na maoni juu yake. Dodoma sasa inajengwa kila upande, na kila anayejenga anapenda ukuta wake uingie kidogo kwa jirani, au kwenye barabara ambayo bado haijachongwa. Yeye anamwambia mtu usoni kwamba ukuta wako umekaa njiani, awe mama lishe au mheshimiwa. Wapo wakubwa wanaomsifu vikaoni, na wapo wanaoomba ahamishiwe mkoa wa mbali wenye mvua nyingi. Posa mbili zilikwisha kumjia kabla yangu. Zote mbili zilifia njiani, maana waposaji waliulizia ulizia mjini, wakasikia habari za mdomo wake, wakakumbuka ghafla kwamba kijana wao bado anasoma.

Mimi nilikuwa nimekwisha amua. Nilimtaka huyo na si mwingine, na kama babake angekataa sikujua ningefanya nini na maisha yangu. Kwa hiyo aliponipa sharti nililisikiliza kwa makini kuliko nilivyowahi kusikiliza khutba.

"Baba ni mwalimu mstaafu wa michezo," aliniambia. "Amefundisha kikapu sekondari moja kule Kongwa mpaka anastaafu. Sasa yuko kwetu Busi na alizeti zake na kisimbuzi chake. Na huyo mtu wako hampendi. Akimwona presha inapanda. Usimtaje kabisa."

"Na akimtaja yeye?"

"Mjomba wako atajibu. Si ndiyo kazi ya mshenga?"

Mjomba wangu anauza nafaka sokoni, lakini sifa yake mjini ni ushenga. Ameposea vijana wa ukoo wetu na wa majirani, na hajawahi kurudi na jibu la hapana. Kwa desturi mimi sikutakiwa hata kuwepo, ila mwalimu alisema kwenye simu kwamba angependa kumwona kijana mwenyewe. Mjomba akakubali kwa shingo upande. Asubuhi ya safari alinisimamisha kando ya gari akanipa maagizo.

"Wewe unaonekana, husikiki. Ukiulizwa jina, nitajibu mimi. Ukiulizwa umri, nitajibu mimi. Ukikohoa, kohoa kiungwana."

Nilikuwa nimevaa kanzu nyeupe mpya na koti juu yake. Ndani ya kanzu nilikuwa nimevaa ile jezi. Ni ya mtumba, nyekundu, namba kubwa kifuani na mgongoni, na siku zangu zote nzito nimezipitia nikiwa nimeivaa. Nilifanyia nayo mtihani wa leseni ya udereva. Mjomba macho yake hayaoni vizuri, na mama alikuwa ameniaga nikiwa nimekwisha funga koti, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kunishauri.

Tulishika barabara ya Kondoa, kisha tukaacha lami tukala vumbi hadi Busi. Tulibeba sukari, majani ya chai na doti mbili za kanga. Mwalimu alitupokea mlangoni, mrefu, kofia ya mkono kichwani, miwani ikining'inia shingoni kwa kamba. Nilimpa shikamoo mara mbili kwa woga. Sebuleni, kwenye msumari ukutani, ilikuwapo filimbi yake ya kazini, na pembeni televisheni ilikuwa imewashwa bila sauti. Mlango wa kuingia ndani ulikuwa na pazia la maua. Nyuma ya pazia nilijua yupo mama mwenye nyumba, na nilijua yupo mwingine.

"Vua koti, baba," mwalimu aliniambia. "Huku ukilivaa hivyo utaungua."

Nikalivua. Nikajitazama kifuani, nikaona weupe mtupu, nikatulia. Tukaletewa maji, nikasimama mlangoni kunawa, nikarudi kuketi. Mwalimu alinitazama kwa muda, kisha akamgeukia mjomba na kumkaribisha aseme.

Mjomba akiposa huwa anabadilika. Sauti inashuka, mikono inakutana juu ya magoti. Alisema tumepita njia, tumeona ua kwenye bustani ya watu, na kwa kuwa sisi si wezi wa maua tumekuja kubisha hodi. Alisema habari za binti zimetufikia kote mjini. Kwamba ni mpole. Kwamba ni msikivu, hana neno na mtu, na akizungumza sauti yake haifiki chumba cha pili.

Nyuma ya pazia kifuniko cha sufuria kilianguka, na mtu akakohoa kwa muda mrefu.

"Mna hakika mmekuja nyumba yenyewe?" mwalimu aliuliza.

Mjomba akacheka kwa adabu, akidhani ni utani wa wakwe. Mwalimu hakucheka. Niliona uso wake umeshuka kidogo, nikadhani ni uchovu wa shamba. Akaanza maswali, na mjomba akayajibu yote. Kijana anafanya kazi gani? Fundi chuma. Anaswali? Anaswali. Ana mke mahali pengine? Hana. Chakula kilipoletwa mwalimu aliniuliza kama nakula wali wenye nazi nyingi, na nikiwa na tonge mdomoni nikamsikia mjomba akijibu kwamba nakula sana.

Tulipomaliza kula, mwalimu alichukua rimoti akaongeza sauti ya televisheni. Yalikuwa marudio ya mechi ya alfajiri ile, na aliyekuwa anadunda mpira ni mtu wangu.

"Mnamwona huyu?" alisema mwalimu. "Mimi nimefundisha mchezo huu maisha yangu yote. Mwanafunzi wangu akifanya anayoyafanya huyu, anakaa benchi mpaka ajifunze adabu. Kijana wenu anamwonaje?"

Mjomba hajui mpira wa kikapu kabisa. Anajua jambo moja tu, kwamba ukweni huwa unakubaliana.

"Huyo?" alijibu. "Mwalimu, kijana wetu hataki hata kumsikia. Akitokea kwenye televisheni, anaizima."

Ilikuwa nafasi nzuri ya kunyamaza. Tena nilikuwa nimeagizwa kunyamaza na watu wawili ninaowaheshimu. Lakini neno la mshenga ndilo neno la mposaji, hivyo ndivyo ilivyo, na nikaona kwamba lililosemwa pale ndilo nitakalooa nalo. Tena aliyekuwa nyuma ya pazia alijua ni uongo. Amenisikia nikimtetea yule bwana kwenye simu mpaka salio likakata. Nilihisi joto limenipanda mpaka masikioni, kama linavyonipanda Kizota mtu akianza maneno yake.

"Mjomba, niwie radhi," nikasema. "Mwalimu, huyo mimi nampenda."

Mjomba alinishika goti. Mwalimu akaweka rimoti mezani.

"Anawafokea wenzake," alisema.

"Anawafokea mbele yao, mwalimu. Nyuma yao sijawahi kumsikia akiwasema. Na wakianguka, yeye ndiye wa kwanza kufika."

"Anabishana na refa."

"Akiona kosa hawezi kujifanya hajaliona. Kuna siku mwenye kosa ni yeye, na siku hizo anachosha kweli. Lakini anachosha kwa alichokiamini."

"Anakosa magoli."

"Anakosa kwa sababu wengine wanaukimbia mpira na yeye anaupokea."

"Nusu ya watu hawamtaki."

"Hao nusu ndio ninaogombana nao kila siku kazini."

"Na hujachoka?"

Hilo aliliuliza kwa sauti tofauti, ya chini.

"Sijachoka," nikasema. "Naona raha kuwa upande wake."

Kule nyuma ya pazia hakukuwa tena na kikohozi wala sufuria. Mwalimu alilitazama pazia, akanitazama mimi, akazima televisheni. Akatuambia kwamba wametusikia na jibu tutaletewa. Mjomba alitafuta viatu vyake mlangoni kwa kupapasa, nami nikamsaidia, naye hakunishukuru.

Tulipoiona lami ndipo akafungua mdomo.

"Miaka yote hii sijawahi kuangushwa," alisema. "Nimeangushwa na kikapu."

Jioni yule mpima ardhi akanipigia. Nilidhani atanifokea, na kweli akaanza kwa kunifokea. Alisema alinipa sharti moja tu, moja. Alisema mama yake amecheka mpaka amelia, ila baba amekwenda shambani bila jembe.

"Ningenyamaza ingekuwaje?" nikamuuliza.

Aliacha kufoka.

"Ungenyamaza," alisema, "kanga zako ningekurudishia mimi mwenyewe."

Nikafurahi kwa hilo, lakini furaha ile haikunisaidia kulala vizuri. Jibu halikuja wiki ile wala iliyofuata. Mjomba alipita karakana mara kwa mara akidai yuko njiani kwenda sehemu nyingine, akaniuliza kwa macho, nikamjibu kwa macho. Kazini nilichomelea bawaba juu chini, geti likafunguka kuelekea kwenye ukuta. Wenzangu walikuwa wamekwisha sikia kisa chote, na kila asubuhi mmoja wao aliuliza kwa upole kama huyo mchezaji wangu ana binti wa kunioza. Ajabu ni kwamba sikumchukia yule bwana. Niliendelea kumtazama kwenye simu saa ya chai, akizomewa ugenini, akipunga mkono.

Siku moja, mchana, nimeinama juu ya dirisha, nikasikia mtu akisema hodi ya kijijini, ya kunyoosha. Nikainua miwani ya kuchomelea. Alikuwa mwalimu, peke yake, kofia ya mkono kichwani, mkononi ana waya wa mabati uliokunjwa duara. Grenda zote zilizimika bila mtu kuamriwa. Nikampa shikamoo, nikatafuta kiti kisicho na vumbi, nikakosa, nikampangusia kimoja kwa shati langu.

"Pale shule ya msingi kijijini ringi ya kikapu imeng'oka," alisema. "Watoto wananing'inia juu yake. Vipimo ni hivi. Nataka imara."

Nikaupokea ule waya. Nikachagua nondo nene, nikaanza kuikunja, nikimsubiri aseme kilichomleta, naye akawa anaitazama mikono yangu kama anayesahihisha mtihani. Nondo ilipokutana ncha kwa ncha ndipo aliposema.

"Ile namba niliiona. Uliposimama mlangoni kunawa, jua lilikuwa mbele yako na mimi nilikuwa nyuma. Nilikusoma mgongoni mpaka namba ikaisha. Nikasema, ngoja nimsikie kama atamkana mtu wake kwa sababu ya wali wangu."

Nilitamani kuingia ndani ya tanki la maji. Wenzangu walikuwa wamejifanya wanapanga vyuma.

"Mjomba wako ni muungwana," akaendelea. "Lakini alikuja kuomba binti mpole, asiye na neno na mtu. Huyo kwangu hayupo, mimi sikumzaa huyo. Nilikaa pale nikiwaza, hawa nao wamekosea nyumba, wakishamjua watarudi nyuma kama wale wengine." Akavua miwani akaifuta kwa ncha ya shati. "Ulipoanza kumsema huyo mchezaji wako, nikajua kwamba mle ndani yupo mtu anayemfahamu mwanangu."

Mimi, ambaye mdomo wangu ulikuwa umeharibu kila kitu, nilisimama na nondo mkononi na machozi yakiniwasha, na singeweza kusingizia moshi kwa sababu hakuna aliyekuwa anachomelea.

"Mwambie mjomba wako aje apange siku," alisema mwalimu. "Na huyo bwana bado hajui kukaba, hilo sibadilishi."

Kisha akarudi nyuma kidogo, akafumba jicho moja, akaitazama ringi yangu kwa muda.

"Imepinda," alisema.

Nikachukua nyundo.